Ofisi zinazofoka kwa maandishi

Tarehe 11 Mei 2016, Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani ilianza kuacha kufoka. Kwa miongo mingi utabiri wake, uwe wa kimbunga cha kung'oa mapaa au wa manyunyu ya asubuhi, ulitoka kwa herufi kubwa tupu kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Siku hiyo idara ikaanza kuandika kama watu wengine wanavyoandika: herufi kubwa mwanzoni mwa sentensi na kwenye majina, zilizobaki ndogo. Watabiri waliachiwa ruhusa moja. Hatari ikiwa kubwa kwelikweli, wanaweza kurudia herufi kubwa ili msomaji ashtuke.

Kilichowafanya wafoke muda wote huo ni mashine. Habari za hali ya hewa zilisafirishwa kwa teleprinta, mitambo iliyopokea maandishi kwa waya na kuyachapa yenyewe, na kila herufi iliundwa kwa mapigo matano ya umeme. Mapigo matano, kila moja likiwa lipo au halipo, hutoa michanganyiko 32 tu. Toa herufi 26 za alfabeti, zinabaki nafasi sita; hata tarakimu zilibidi zichangie nafasi na herufi kwa ujanja. Herufi ndogo hazikuwa na pa kukaa. Mitambo ikazeeka, kompyuta zikaingia, mapendekezo ya kubadilika yakaanza kutolewa miaka ya 1990, na bado mazoea yakadumu. Jeshi la Wanamaji la Marekani nalo lilingoja hadi mwaka 2013 ndipo likaruhusu jumbe zake ziandikwe kwa herufi za kawaida.

Wamarekani angalau walikuwa na mashine ya kusingizia. Afrika Mashariki haina mashine iliyoilazimisha.

Pita kwenye ubao wa matangazo wa ofisi yoyote ya kata, zahanati, shule au mahakama ya mwanzo. Karatasi imebanwa na pini nne, nembo juu, muhuri chini, na katikati mistari kumi na zaidi ya herufi kubwa bila aya hata moja. Mfano wake ni kama huu: "WANANCHI WOTE WENYE MADAI YA FIDIA YA ARDHI WAFIKE OFISI YA KATA WAKIWA NA VIELELEZO HALISI NA WATAKAOFIKA BAADA YA TAREHE 14 HAWATAPOKELEWA ISIPOKUWA WALE WALIOKWISHA KUHAKIKIWA AWAMU YA KWANZA." Mzee aliyesimama mbele ya karatasi hiyo, mkono mmoja kwenye miwani, anatafuta vitu vitatu: je, linanihusu, lini, na nije na nini? Vyote vimo. Lakini tarehe imezama, "isipokuwa" imezama, na neno "vielelezo" lina uzito uleule wa neno "na". Mwisho anamgeukia kijana aliye karibu na kumwomba amsomee. Yeye kusoma anajua.

Mazoea haya yana chimbuko lake, nalo ni taipureta. Mpiga chapa wa masijala hakuwa na herufi za kukolezwa wala za ukubwa tofauti. Akitaka kichwa cha barua kionekane, alikuwa na njia mbili za haraka: kuandika kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini yake. Ndiyo maana barua rasmi ya Tanzania hadi leo ina "YAH:" ikifuatiwa na mstari wa herufi kubwa, na mwanafunzi wa Kenya hufundishwa kuweka "KUH:" au "MINT:" mahali palepale. Hapo hakuna ubaya. Ni mstari mmoja, umezungukwa na nafasi nyeupe, na karani anayepanga mafaili anauona kwa kutupia jicho. Ubaya ulikuja pale kichwa cha barua kilipoimeza barua yenyewe, na pale ofisi ilipoamini kwamba jambo likiwa zito basi kila neno lake liwe kubwa.

Herufi kubwa ni honi. Dereva wa basi akiipiga kwenye kona za Kitonga, kila mtu anamwelewa; akiikandamiza tangu anatoka Dar es Salaam hadi anaingia Morogoro, abiria wataziba masikio, na ng'ombe atakapokatiza barabara kweli hapatakuwa na honi ya ziada ya kupiga.

Kiswahili kina sababu yake ya kuumizwa na mtindo huu, nayo ni majina. Waswahili huwapa watoto wao majina yaliyo pia maneno ya kila siku: Neema, Baraka, Furaha, Amani, Subira, Tumaini, Riziki, Shida, Tabu. Katika maandishi, herufi ya kwanza ndiyo inayomtofautisha mtu na jambo. Mweka hazina wa kamati ya harusi akiandika kwenye kundi la WhatsApp "MCHANGO WA FURAHA UMEPOKELEWA", anakusudia kwamba dada Furaha ameshalipa na asisumbuliwe tena. Nusu ya wanakamati watasoma kwamba kuna mtu ametoa mchango kwa moyo mkunjufu, na kesho yake watampigia Furaha kumkumbusha deni. "KIKAO CHA AMANI" je? Kimeitishwa na kaka Amani, ni cha kusuluhisha ugomvi, au kinafanyika mtaa wa Amani kule Unguja? Sarufi huokoa mara nyingine: "Baraka amefika" na "baraka zimefika" hayawezi kugongana hata yakiandikwa kwa mkaa. Ila matangazo yetu yamejaa "wa", "ya" na "cha", na hapo upatanisho hauna msaada.

Majina ya mahali ni hatari zaidi, maana yanagusa usalama. Mkoa wa Pwani nchini Tanzania una makao makuu yake Kibaha, na ndani yake kuna sehemu kama Chalinze ambazo haziioni bahari. Wakati huohuo Tanga, Dar es Salaam, Lindi na Mtwara ziko ufukweni lakini si sehemu ya mkoa huo. Sasa itolewe tahadhari ya mawimbi makubwa: "WAKAZI WA PWANI WACHUKUE TAHADHARI." Mkulima wa Chalinze anajiuliza mawimbi yatamfikiaje, mvuvi wa Kilwa, ambaye mkoa wake ni Lindi, anaona tangazo limewalenga watu wa Kibaha na kusukuma ngalawa majini. Kwa herufi za kawaida, "wakazi wa pwani" na "wakazi wa Pwani" ni matangazo mawili tofauti, na mwandishi analazimika kuamua anataka lipi kabla hajabandika. Herufi kubwa tupu zinampa ruhusa ya kutoamua.

Zanzibar nako kuna wilaya zinazoitwa Mjini, Kati na Kusini. Mkoani Kilimanjaro kuna mji mdogo wa Njia Panda, na Arusha kuna Mto wa Mbu, ambako mtu akisikia "malaria Mto wa Mbu" anahitaji kujua kama ni mji au ni kijito nyuma ya nyumba.

Kisha kuna vifupisho. Kiswahili kinapenda vifupisho vinavyotamkika kama maneno, na vingine ni maneno kweli. Mwaka 2014, wakati wa Bunge Maalumu la Katiba, vyama vya upinzani vya Tanzania viliunda Umoja wa Katiba ya Wananchi, uliojulikana nchi nzima kwa jina la UKAWA. Mwaka 2016 ikaja UKUTA, kifupisho kingine cha upinzani. Kwenye sentensi ya kawaida msomaji anaona mara moja kipi ni kifupisho na kipi ni neno la kawaida. Kwenye bango la herufi kubwa, "MKUTANO WA UKAWA UKAWA MKUBWA" inamlazimu asome mara mbili na kucheka mara moja.

Sayansi inasema nini? Miles Tinker, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupima jinsi watu wanavyosoma maandishi yaliyochapwa. Mwaka 1928 yeye na mwenzake Donald Paterson walionyesha kwamba maandishi ya herufi kubwa tupu yalisomwa polepole zaidi kwa takriban asilimia 12. Kwa mtu anayesoma neno moja, hiyo si kitu. Kwa mtu anayesoma kurasa nne za maelekezo ya mkopo, ni muda wa kutosha kukata tamaa.

Kwa miaka mingi walimu wa uchapaji walieleza sababu hivi: herufi ndogo zina vichwa na mikia, kwa hiyo kila neno lina umbo lake, na jicho hulitambua neno kwa umbo kabla ya kuhesabu herufi. Maelezo hayo yanapendeza, na kwa Kiswahili yanashawishi hasa, maana maneno yetu ni marefu na yamefungamana. "Watakaoshindwa" ina t, k, h na d zinazochomoza. "WATAKAOSHINDWA" ni mstatili. Lakini mwaka 2004 Kevin Larson wa kampuni ya Microsoft alipitia utafiti uliokuwepo na kuonyesha kwamba msomaji hutambua herufi zenyewe, nyingi kwa mpigo, na kwamba umbo la neno halina kazi kubwa iliyodhaniwa. Herufi kubwa zinatuchelewesha, kwa maelezo hayo, kwa kuwa hatuna mazoezi nazo. Vitabu, magazeti, Biblia na Kurani za tafsiri, jumbe za simu, karibu kila tunachosoma kwa kirefu kiko kwa herufi ndogo. Kwa mwandishi wa matangazo jawabu ni lilelile: ama umbo ama mazoea, msomaji wake anachelewa.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Mwaka 2007 Aries Arditi na Jianna Cho walichapisha utafiti uliowahusisha pia watu wenye uoni hafifu, na wakaona kwamba maandishi yakiwa madogo sana, herufi kubwa husomeka vizuri zaidi. Sababu ni nyepesi: kwa saizi ileile ya fonti, herufi kubwa ni pana na ndefu kuliko ndogo. Waingereza nao walikutana na jambo hili walipojenga barabara zao kuu mwishoni mwa miaka ya 1950. Jock Kinneir na msaidizi wake Margaret Calvert, mzaliwa wa Durban, walibuni vibao vilivyochanganya herufi kubwa na ndogo. Mchongaji herufi David Kindersley akapinga, akaleta vibao vya herufi kubwa tupu. Watu wakakalishwa kwenye uwanja wa ndege wa Benson, gari likawa linawakaribia likiwa limebeba vibao, nao wakaonyesha ni wapi walipoanza kusoma. Herufi za Kindersley ziliongoza, kwa tofauti ndogo mno. Serikali ikachagua za Kinneir na Calvert hata hivyo, na tangu 1965 vibao vya majina ya miji ya Uingereza vinaandikwa hivyo. Kibao cha barabarani kina neno moja au mawili. Hapo herufi kubwa zinaweza kushinda. Tangazo la fidia ya ardhi lina maneno zaidi ya mara kumi ya hayo.

Kanga inalijua hilo kuliko ofisi. Jina la kanga huchapwa kwa herufi kubwa, ndani ya kisanduku chembamba karibu na pindo: WEMA HAUOZI, au MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Maneno mawili, matatu, manne. Lazima yasomwe na jirani aliye ng'ambo ya kichochoro, kitambaa kikiwa kinatembea kwa mwendo wa mvaaji, na mara nyingi jirani huyohuyo ndiye aliyekusudiwa. Hapo kufoka ndiyo kazi yenyewe. Hakuna aliyewahi kuchapa kanga yenye aya tatu za masharti. Na ikumbukwe kwamba kanga za zamani ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, hati isiyo na herufi kubwa kabisa, ileile iliyobeba tenzi za Lamu na Pate. Utendi wa Tambuka ni wa mwaka 1728. Wanakili wa zama hizo walitenganisha vipande kwa alama ndogo na pengine kwa wino wa rangi nyingine. Msisitizo haukutegemea herufi kubwa.

Ujumbe wa kutuma pesa kwa simu nao mara nyingi huliweka jina la mpokeaji kwa herufi kubwa katikati ya sentensi ya kawaida. Jicho linaruka moja kwa moja hadi pale, linahakiki kama ni Hamisi aliyekusudiwa au Hamisi mwingine. Fomu zinazosema "jaza kwa herufi kubwa" zina hoja pia: mwandiko wa mkono wa kuunganisha hausomeki kwa kila karani. Na mistari miwili ya chini ya ukurasa wa pasipoti, yenye nafasi 44 kila mmoja, imeandikwa kwa herufi kubwa kwa sababu msomaji wake ni mashine.

Mfano mzuri kuliko yote uko kwenye rafu za dawa. Kuna dawa zenye majina yanayofanana kiasi cha kuua: vincristine na vinblastine za saratani, prednisone na prednisolone, dopamine na dobutamine. Mwaka 2001 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilianza mpango wa kuzitofautisha kwa kukuza zile herufi tu zinazopishana: vinCRIStine, vinBLAStine, predniSONE, prednisoLONE, DOPamine, DOBUTamine. Muuguzi aliyekesha zamu, taa hafifu, anaona pale majina yanapoachana kabla hajavuta dawa kwenye sindano. Andika majina yote mawili kwa herufi kubwa tupu na msaada huo unatoweka papo hapo. Herufi nne za vinCRIStine zimekuwa na thamani kwa sababu saba zilizobaki zimekubali kuwa ndogo.

Kuna pia suala la adabu. Ujumbe wa herufi kubwa kwenye simu husomwa kama sauti iliyopandishwa, na vijana hawachelewi kujibu: "Mbona unatufokea?" Nchini New Zealand mhasibu mmoja alifukuzwa kazi mwaka 2007, miongoni mwa sababu zikiwa barua pepe za herufi kubwa, zilizokolezwa na kutiwa rangi nyekundu, zilizowakera wenzake. Kilichomo kilikuwa maelekezo ya kujaza fomu. Mwaka 2009 chombo cha kusuluhisha migogoro ya kazi kiliamua kwamba amefukuzwa isivyo haki, akalipwa dola 17,000 za nchi hiyo. Ilikuwa haki yake. Lakini wenzake nao hawakukosea kuhisi walichohisi.

Vijana hao wanaolalamika kufokewa wasijisifu, kwani wengi wao wameikimbia herufi kubwa hadi wamevuka mpaka. "nipo kwa neema," anaandika mume saa nne usiku. Kwa neema ya Mungu, au kwa Neema? "nitalala kwa furaha leo" inaweza kuvunja ndoa. Kitufe kimoja kingeokoa nyumba.

Na kuna herufi kubwa za heshima, zinazochipuka katikati ya sentensi popote anapotajwa mkubwa: Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi ya Sherehe ya Kijiji. Kumkuza kila mwenye cheo ni njia ya hakika ya kumfanya asionekane hata mmoja.

Mahali ambapo mazoea haya yanaumiza mfuko ni kwenye mikataba. Sheria ya biashara ya Marekani inataka baadhi ya masharti yaonekane wazi, na mawakili wakaona herufi kubwa ndiyo jibu. Mwaka 2002 jaji mmoja wa mahakama ya rufaa huko aliwakejeli wazi wanaodhani kitufe cha herufi kubwa kinatosha kulifanya sharti lionekane. Mwaka 2020 watafiti Yonathan Arbel na Andrew Toler walilijaribu jambo hilo kwa wasomaji halisi. Masharti ya herufi kubwa hayakuwasaidia watu kuelewa walichokubali, na wasomaji wenye umri mkubwa ndio walioumia zaidi.

Huku kwetu maneno yaliyokuzwa kwenye matangazo ya mikopo na ya promosheni ni manne, na kila mtu anayajua kwa moyo: VIGEZO NA MASHARTI KUZINGATIWA. Vigezo vyenyewe viko kwenye karatasi nyingine, au kwenye kurasa za mwisho ambako herufi kubwa zimefuatana bila pumziko. Wasimamizi wa benki na wa mikopo ya simu wangeweza kudai kitu kidogo tu kutoka kwa wakopeshaji: riba ni asilimia ngapi, siku ya mwisho ya kulipa ni ipi, na akichelewa anatozwa nini. Mistari mitatu kwa herufi za kawaida, ndani ya kisanduku, juu kidogo ya mahali mteja anapoweka sahihi au dole gumba.